Sukari ya mama inasoma vizuri, mbona nguvu zinamwishia?

Mizani wa Chuno (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa Mtwara mjini, Chuno, ila mgonjwa mwenyewe yuko Newala, kijiji kimoja upande wa Kitangari. Ni mama yangu mzazi. Kwa kadi ana miaka 71. Kwa hesabu yake yeye, anayoihesabu kuanzia unyago wake, ni zaidi. Tusibishane naye.

Kisukari aligundulika nacho miaka sita iliyopita, na presha kidogo. Siku ile ile sisi watoto watano tulikaa kikao, mjomba akiwa mwenyekiti, tukapitisha sheria. Sukari asiguse. Muhogo marufuku, wali marufuku, maembe asiyaone hata kwa jirani. Jioni ugali wa dona kipande cha ngumi na majani ya kunde, basi. Nyama tulisikia inaleta presha, tukaiondoa. Mayai nayo tukayaondoa, sikumbuki hata ni nani aliyesema nini kuhusu mayai. Shamba asiende, maji asichote, kinu asishike. Tukamchukua mtoto wa dada akae naye amfanyie kila kitu. Mimi nikanunua kile kiti cha plastiki chenye mikono, mdogo wangu akaleta redio, tukamwambia mama umetulea inatosha, kaa upumzike. Kijijini tulisifiwa sana. Watu walikuwa wanawaonyesha watoto wao nyumba yetu.

Na sukari ikatii. Kila nikienda nafungua daftari lake: 5.2, 4.8, 5.6, 4.4. Kwenye kituo anachokwenda wanamtaja kama mfano kwa wenzake wa kliniki.

Sasa sikilizeni. Mimi kazi yangu ni mizani. Msimu wa korosho nakuwa ghalani, kutwa napima magunia. Mwaka juzi msimu ukiwa umechanganya mama alikuja mjini, nikampandisha kwenye mizani kwa utani tu, wabebaji wakapiga kelele "andika daraja la kwanza!" Ilisoma 63. Wiki iliyopita nimempandisha kwenye mizani ya chama kule kijijini. Ikasoma 51. Nikaona mizani imeharibika. Nikapanda mwenyewe, nikaweka na gunia ninalolijua uzito wake. Mizani nzima kabisa.

Kilo 12 zimekwenda wapi? Hajalazwa, hajaharisha, halalamiki kuumwa. Anasema tu "nimechoka mwanangu". Kanga inamzunguka hadi inabaki. Kuinuka kwenye kiti anajaribu mara mbili tatu, anajisukuma kwa mikono. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na huko lazima amwite mtoto aje amwinue. Hilo nimeambiwa na mtoto, mwenyewe hawezi kulitamka mbele yangu. Siku hizi anakwepa kunywa maji ili asiende chooni mara kwa mara.

Ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza kwenye kizingiti. Mara ya pili mwezi wa Ramadhani, inakaribia magharibi. Tulikuwa tumemkataza kufunga, kumbe alikuwa anafunga kimya kimya na vidonge anameza usiku. Halafu kuna asubuhi anaamka nguo zimelowa jasho, anasema kaota ndoto mbaya.

Wa Newala mnaijua nchi yetu, watu tuko juu na maji yako bondeni. Huyu mama alikuwa anashuka ule mteremko na kupanda na ndoo kichwani, mimi mgongoni. Kiangazi alikuwa anaingia porini kuchimba ming'oko na anarudi na kikapu ambacho leo mimi nikikibeba nitapumzika njiani. Leo anashindwa na kizingiti.

Kama sukari iko vizuri, kinachommaliza ni nini? Dada wa Dar anataka tumnunulie virutubisho vya chupa anavyouza jirani yake. Mjomba anasema huu ni mkono wa mtu. Mimi nimekaa tu naangalia 63 na 51.

Babu Feri

Mkuu, mtu wa miaka 71 unataka akimbize mwenge? Mtu mzima hukauka, kama muhogo juu ya bati. Bibi yangu wa Mikindani alikula makopa maisha yake yote, alikonda akabaki mifupa na ulimi, na ulimi ule ulitutawala mpaka siku anaondoka. Mshukuruni Mungu sukari imekaa. Kuna watu huku wanakatwa miguu.

Mizani wa Chuno

Shikamoo Babu. Lakini bibi yako alikauka akiwa anatembea. Wangu anakauka akiwa kwenye kiti nilichomnunulia mimi.

Shangazi wa Mitwero

Mleta mada pole sana. Mimi niko Lindi. Nyumbani kwetu tuna kinyume chako, ila naona mwisho wake ni uleule.

Dada yangu mkubwa ana miaka 68, mnene, mara ya mwisho alikuwa na kilo 88. Sukari yake haishuki chini ya 11. Kila mtu akimwona anasema huyu ana afya, amependeza, watoto wake wanamtunza. Ananunuliwa soda, chapati, wali wa nazi kutwa mara mbili. Sasa mwambie anyanyue ndoo ya lita 10! Mwambie apande ngazi tatu za barazani! Anahema kama amepanda kutoka baharini mpaka juu ya mji. Mwaka jana aliteleza pale pale barazani, akavunjika mkono. Daktari aliyemwona alimshika paja akatuambia, "Hapa kuna mafuta mengi, nyama imebaki kidogo." Tulidhani anamtukana mgonjwa, shemeji yangu nusura amjibu vibaya.

Kwa hiyo unene sio dawa na wembamba sio dawa. Mimi ningekushauri umpeleke mama hospitali kubwa kabla hujanunua chupa ya mtu yeyote. Hao wa chupa nimeshawalisha sana hela zangu.

Muuguzi Mstaafu

Mleta mada, nimesoma mara mbili. Nimefanya kazi ya uuguzi huku kusini zaidi ya miaka thelathini, mingi yake wodini na miaka michache nikifundisha. Sitatibu mtu kwenye simu, ila kuna mambo umeyaandika juu juu nami yamenishtua. Nianze na hayo.

Jasho la usiku, ndoto mbaya na kuanguka jioni akiwa amefunga. Mama anameza vidonge gani? Nasubiri jibu, lakini nahisi katika mfuko wake kuna glibenklamidi. Dawa hiyo inakamua kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari, iwe mtu amekula au hajala. Inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikishachoka kwa umri inakaa zaidi. Ndiyo maana miongozo mingi siku hizi inasema mzee asipewe hiyo kama kuna nyingine. Mtu anayekula kipande cha ngumi jioni, akameza kidonge hicho, usiku sukari yake inaweza kushuka chini ya 4, hata chini ya 3. Anatoka jasho, anaota vibaya, moyo unamwenda mbio. Asubuhi mwili umeshajitetea, mnapima mnaona 5.2 mnapiga makofi. Chukua mashine ya kupimia, lala kijijini, mpime saa nane au saa tisa usiku. Ukikuta chini ya 4, sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, anywe, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale kitu. Hapo sheria ya kikao chenu ya kutogusa sukari haifanyi kazi. Na dawa usimwachishe wala kumbadilishia kwa kichwa chako, mpeleke kwa daktari haraka, wiki hii hii.

La pili ni kilo 12. Hapo sitaki kusikia habari ya uzee kabla hajapimwa. Mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili au tatu kuliko mwingine, kwa hiyo makohozi yapimwe hata kama hakohoi sana. Apimwe figo, wingi wa damu, tezi ya shingo, na vipimo vingine daktari atakavyoona. Wamwangalie meno. Mnaweza kukuta mtu hali nyama kwa sababu hana magego, nyinyi mnasema amefuata masharti. Na muulizeni moyo wake ukoje. Mama aliyezoea shamba akafungiwa kwenye kiti na redio anaweza kuwa na huzuni ambayo hana jina la kuiita.

La tatu ndilo ulilouliza. Kuna hali ya udhaifu wa uzeeni, na ina vipimo kama presha ilivyo na vipimo. Mwaka 2001 daktari wa Marekani, Linda Fried, na wenzake waliweka alama tano: kukonda bila kukusudia, uchovu usioisha, mkono kukosa nguvu ya kukaza, mwendo kuwa wa polepole, na kupungua kwa shughuli. Mwenye tatu au zaidi anahesabiwa ameshaingia. Wewe mwenyewe umeandika tatu bila kuulizwa, ya mkono na ya mwendo sijui.

Sukari na udhaifu huu ni ndugu. Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari: ukishakula, sehemu kubwa ya sukari inakwenda kuhifadhiwa huko. Kisukari kinaila misuli polepole, na misuli ikipungua sukari inakosa pa kwenda. Ndiyo habari ya dada yake Shangazi wa Mitwero. Kwa mama yako mmeongeza na njaa juu yake. Mwili uliokosa chakula cha kujenga unabomoa kilichopo. Na mwili uliokalishwa nao hivyo hivyo. Kuna utafiti wa mwaka 2007 ambapo wazee wenye afya njema, wanaotembea vizuri, walilazwa kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Siku kumi! Nyinyi mmemkalisha miaka sita.

Nisamehe ukali. Nimeona familia nyingi zikifanya hivyo, na karibu zote ndizo zinazowapenda sana wazee wao.

Ukiwa huko nifanyie vipimo viwili. Weka kiti kigumu ukutani, mama akae, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano haraka awezavyo. Hesabu sekunde. Zikizidi 15, misuli ina shida. Halafu pima mita 4 chini, atembee mwendo wake wa kawaida. Sekunde 5 au zaidi, hilo nalo ni jibu. Simama karibu naye, usimwache aanguke kwa ajili ya kipimo changu.

Mjukuu wa Masasi

Muuguzi samahani kidogo. Babu zetu walikula muhogo na hatukuwahi kusikia haya mambo ya protini. Leo mzee akila muhogo anaambiwa anajiua.

Muuguzi Mstaafu

Mjukuu, babu zako walikula muhogo na nini? Wewe wa Masasi unajua. Kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe, karanga za kusaga kwenye kisamvu. Na wale wasio na mwiko walikula samaki nchanga, yaani panya, usijifanye humjui! Unga wa muhogo gramu 100 una protini kama gramu 2 hivi. Mbaazi kavu gramu 100 zina zaidi ya 20. Muhogo peke yake ndio wenye shida.

Kwa mzee, wataalamu wanataka gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mama wa kilo 51 ni kama gramu 50 hadi 60. Yai moja lina 6. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina 20 na ushee. Dagaa wakavu konzi moja wanakaribia yai mbili. Mbaazi zipo huko mpaka zinakosa mnunuzi. Ila figo zipimwe kwanza, maana kama zimeshaharibika sana kiasi kitapangwa vingine.

Mizani wa Chuno

Nimerudi jana usiku kutoka Newala. Nawajibu.

Muuguzi, ulihisi sawa. Kwenye mfuko kuna metformini na hiyo glibenklamidi, asubuhi kimoja na jioni kimoja, tangu miaka sita haijabadilishwa. Nililala chumba cha nje, saa tisa usiku nikamgongea. Alikuwa macho, shuka limelowa, anazungumza na marehemu baba. Mashine ikasoma 3.1. Mkono ulinitetemeka kuliko wake. Nikakoroga sukari kama ulivyosema, dakika 15 baadaye 4.7, akaniuliza kwa nini nimevaa kikoi cha baba yangu. Akala ndizi mbili na karanga. Mjomba alikuwa amekuja kwa ajili ya ule mkono wa mtu, akakaa mlangoni akaona yote. Hajalisema tena hilo jambo.

Kiti: kwa mikono kifuani hakuweza hata mara moja. Kwa kushika mikono ya kiti alifika mara tatu, akasema "ya nne utaniinua wewe". Mita 4 nilizipima kwa kamba, sekunde 9.

Nikiwa njiani kurudi niliwaza ghala letu. Mnunuzi mwenye akili haangalii uzito wa gunia tu. Tunachoma gunia, tunatoa sampuli, tunakata korosho moja moja tuone ndani kuna nini. Gunia linaweza kuwa zito na ndani korosho zimesinyaa au zina wadudu, kama shangazi alivyosema habari ya dada yake. Kwa mama miaka sita tumesoma kibandiko cha nje, hakuna aliyekata hata korosho moja. Namba tuliyokuwa tunaisherehekea ndiyo iliyokuwa inamuua usiku.

Keshokutwa nampeleka hospitali. Nimeambiwa kuna dirisha la wazee, tutaona foleni yake.

Babu Feri

Nimesoma hiyo ya 3.1 nikaenda kumwamsha mke wangu. Naye anameza vidonge viwili. Muuguzi, huyo hali muhogo wala samaki nchanga, anakula maneno yangu tu. Naomba na mimi nijue cha kumpima.

Muuguzi Mstaafu

Babu, kile kile cha kiti. Na uangalie jina la dawa kwenye pakiti, usisome kwa kukisia. Mlete hapa mwenyewe aulize, wewe utanipotosha.

Mleta mada, sasa mazoezi, maana daktari atakupa dawa lakini misuli hatakuandikia kwenye cheti. Usiogope kwamba umechelewa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, Marekani, walichukua wazee 10 dhaifu waliokuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao miaka 90. Wakawafundisha kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Miaka 90! Mama yako kwao ni binti.

Kutembea peke yake hakutoshi, lazima misuli isukume kitu kizito kidogo. Anza na kuinuka kwenye kiti. Kama hawezi bila mikono, pandisha kiti kiwe kirefu, mtu akikaa juu anainuka kwa urahisi. Kisha unakishusha kidogo kidogo. Mara mbili kwa siku, siku moja moja apumzike. Akizoea, ashike chupa za maji mikononi. Chooni mwekee kitu cha kushikia, na maji anywe.

Mizani wa Chuno

Wadau, ni wiki ya kumi na moja leo. Nilisema nitaleta majibu.

Kifua kikuu hana, alhamdulillahi. Figo zimechoka kiasi, hazijafika pabaya. Daktari aliondoa glibenklamidi siku ile ile, akaacha metformini kwa kiwango kidogo. Akasema pia metformini ya miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na ule ganzi wa miguu ambao mama hakuwahi kututajia huenda ukawa na mkono hapo, wakamwanzishia sindano. Magego hana matatu, alikuwa anameza vipande vya nyama bila kutafuna ndipo akaacha kabisa. Kuhusu nyama tulijidanganya kwamba ni sheria yetu.

Kikao tulikirudia, mjomba mwenyekiti yuleyule, na yeye ndiye aliyefuta sheria zake mwenyewe moja moja, kwa sauti ile ile aliyozipitishia. Soda na chai ya sukari bado haziruhusiwi. Mbaazi za nazi kidogo, dagaa waliosagwa kwenye mboga, samaki wa kuchemsha kila mtu akipita Feri anatuma. Ugali wa muhogo amerudishiwa, kidogo, na hakuna siku nimemwona anacheka kama siku ile. Mayai kayakataa, anasema yananuka kuku. Tumeacha.

Kiti: nilikunja magunia matupu manne ya korosho, nikayaweka juu ya kiti kikawa kirefu. Akawa anainuka. Kila anapoweza mara tano bila mikono, natoa gunia moja. Mwanzoni alikuwa anagoma, anasema mimi si mwali wa kufundwa tena. Mtoto wa dada akapata akili, akawa anamwekea ungo wa mbaazi mezani na sufuria nyuma yake, kila akijaza konzi lazima ainuke akageuke kuweka. Anahesabu kwa Kimakonde na akikosea anaanza upya kwa hasira. Mpaka sasa limebaki gunia moja. Mara tano, sekunde 19. Mita 4 ni sekunde 6. Mizani inasoma 53 na nusu.

Kuna siku mbaya pia. Wiki ya tano goti lilivimba akakaa siku nne, na siku nne zile zilimrudisha nyuma kama wiki mbili. Chooni nimechimbia nguzo mbili za mti na mwamba katikati. Anaingia na kutoka mwenyewe, na maji anakunywa.

Shida niliyonayo sasa ni dada wa Dar. Mtoto anatuma namba za asubuhi kwenye kundi la familia: 7.4, 7.9, jana 8.1. Dada amepiga simu analia, anasema nimeharibu sukari ya mama, anataka kidonge kirudishwe. Anakumbuka zile 4.8. Muuguzi, nimwambieje?

Shangazi wa Mitwero

Mwambie aje alale saa tisa usiku hapo chumba cha nje.

Muuguzi Mstaafu

Shangazi umenichekesha, lakini mleta mada usimwambie hivyo, ana haki ya kuogopa. Mwambie kwamba kwa mzee mwenye maradhi zaidi ya moja na nguvu kama za mama yenu, sukari ya asubuhi kabla ya kula inayotafutwa ni kati ya 5 na 8.3, na ile ya wastani wa miezi mitatu, HbA1c, iwe chini ya asilimia 8. Kwa hiyo 8.1 iko ndani, ila iko ukingoni. Mwandikieni daktari namba hizo zote, na ikianza kupita 10 mara kwa mara msisubiri tarehe ya kliniki. Mwambieni na dada aje na mama siku hiyo, asikie kwa masikio yake.

Na lile gunia la mwisho usilitoe kwa haraka ya kutufurahisha. Mpaka afike sekunde 15 na lipo, ndipo ulitoe. Goti likivimba tena asikae siku nne, aendelee kuinuka hata mara mbili, akishika ukuta.

Mizani wa Chuno

Sawa muuguzi. Mikorosho imeanza kutoa maua, kesho anataka apelekwe aione. Nitamwacha atembee mwenyewe, mtoto atabeba kiti nyuma.